Uzito umegoma kushuka: kupiga upya hesabu ya mlo na mazoezi kabla ya kujinyima zaidi

Wadau wa afya na mazoezi, habari zenu.

Swali linalorudi mara nyingi kuliko mengine kutoka kwa watu wanaopunguza uzito ni hili: mtu ameanza mpango wake vizuri, kilo kadhaa zimetoka katika miezi ya mwanzo, nguo zimeanza kumpwaya, kisha mizani inaganda palepale wiki baada ya wiki ingawa anakula kilekile na kufanya mazoezi yaleyale. Ushauri anaoupata upesi ni kupunguza chakula zaidi na kuongeza muda wa kukimbia. Ninaandika uzi huu kwa sababu ushauri huo, ukitolewa kabla ya kuchunguza kilichotokea, huwakatisha tamaa watu waliokuwa wakienda vizuri, na wengine huwapunguzia misuli badala ya mafuta. Hoja yangu ni moja. Mwili uliopungua kilo 15 si mwili ule ulioanza nao, na mpango uliotungwa kwa ajili ya mwili wa kwanza hauna budi kupigiwa hesabu upya kwa ajili ya mwili wa sasa.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kwamba umekwama kweli. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Mtu anapoanza kupunguza chakula, akiba hiyo hupungua mwanzoni kabisa na maji yake hutoka nayo, ndiyo maana wiki mbili za kwanza mizani hushuka kwa kasi inayofurahisha. Kasi hiyo haikuwa ya mafuta peke yake. Inapotulia, mtu ambaye sasa anapoteza mafuta halisi, pengine nusu kilo kwa wiki au pungufu, hujiona amesimama kwa sababu anajilinganisha na wiki alizokuwa akipoteza maji.

Maji hayohayo yanaweza pia kuficha mafuta yanayopungua. Mlo wenye chumvi nyingi usiku, choo kilichochelewa, siku zinazotangulia hedhi, au mazoezi mapya yaliyoacha misuli na maumivu, kila kimoja kinaweza kupandisha uzito kwa kilo moja au zaidi bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Kwa hiyo kipimo cha siku moja hakisemi kitu. Jipime asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, mara kadhaa kwa wiki, kisha tafuta wastani wa wiki nzima na ulinganishe wastani kwa wastani. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Pamoja na mizani, tumia utepe wa kupimia: zungushia tumbo katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kwa kawaida, soma bila kukaza utepe. Ikiwa wastani wa uzito haujasogea kwa wiki nne na kiuno nacho hakijasogea, umekwama. Ikiwa kiuno kinapungua, endelea na mpango wako kama ulivyo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kwenye vifungashio vya vyakula. Mwaka 1990 ilichapishwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, ambayo hadi leo wataalamu wengi wa lishe huitumia kukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Kwa mwanamke, zidisha kilo zake kwa 10, jumlisha urefu wake kwa sentimita ukizidishwa kwa 6.25, toa umri wake mara 5, kisha toa 161. Kwa mwanamume hesabu ni hiyohiyo, ila mwishoni badala ya kutoa 161 unajumlisha 5.

Tumchukue mwanamke mwenye umri wa miaka 40, urefu wa sentimita 160, aliyeanza na kilo 90. Mwili wake ukipumzika hutumia takriban kalori 1,539 kwa siku. Akiwa ni mtu wa kukaa kwa sehemu kubwa ya siku, tunazidisha kwa 1.4 na kupata kama kalori 2,155 kwa siku nzima. Alipoanza kula kalori 1,700 alikuwa na upungufu wa kalori 455 kila siku, na uzito ukashuka kama ilivyotarajiwa. Leo ana kilo 75. Hesabu ileile inatoa 1,389 akiwa amepumzika, na 1,945 kwa siku nzima. Anaendelea kula 1,700 kwa uaminifu uleule, lakini upungufu wake umebaki kalori 245. Hajakosea popote. Mpango wake umepoteza karibu nusu ya nguvu kwa sababu tu umefanikiwa.

Hizo 245 zilizobaki ni kidogo kuliko tunavyodhani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, kwa sababu gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9 wakati gramu moja ya wanga au protini hutoa 4. Mtazame mtu anayepika kwa kukadiria kwa macho: anainamisha chupa juu ya sufuria, mafuta yanamiminika kwa sekunde mbili tatu, na tayari vijiko viwili zaidi ya alivyokusudia vimeingia. Kwa hesabu ya mwanamke wetu, upungufu wa siku nzima umeishia hapo, kabla hajaonja mchuzi, kabla hajamalizia kilichobaki kwenye sahani ya mtoto. Alipokuwa na kilo 90 mafuta hayohayo ya ziada yasingemzuia kupungua. Akiwa na kilo 75 yanatosha kumsimamisha.

Kuna pia mabadiliko ambayo kanuni hiyo haiyaoni. Mtu aliyepungua hutumia nishati kidogo kuliko mtu mwingine mwenye uzito uleule ambaye hakuwahi kuwa mnene. Homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, hutolewa na seli za mafuta. Mafuta yakipungua nayo hupungua, na ubongo huipokea hali hiyo kama dalili ya njaa inayokuja. Misuli nayo hujifunza kufanya kazi ileile kwa nishati pungufu. Washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani walipimwa tena miaka sita baada ya shindano, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba miili yao ikipumzika ilitumia kama kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Kutokana na habari za namna hii limezaliwa neno kwamba mtu akila kidogo sana mwili hufunga kabisa na kuacha kuchoma mafuta. Hilo si kweli, na ninaomba tuliache. Katika jaribio la Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, lililofanyika mwaka 1944 na 1945, vijana 36 wenye afya walilishwa karibu nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24. Miili yao ilipunguza matumizi ya nishati kwa kiwango kikubwa sana, walihisi baridi, walichoka, waliwaza chakula usiku na mchana, na hata hivyo walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mwili hubana matumizi, haufungi duka. Na katika wale washiriki 14 wa shindano, waliofanikiwa zaidi kushikilia uzito mpya hawakuwa wale ambao miili yao ilibana kidogo. Walikuwa wale walioongeza zaidi shughuli za mwili.

Jambo lenye uzito zaidi kuliko kupungua kwa matumizi ya nishati ni hamu ya kula. Mwaka 2016 Kevin Hall, mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakitumia dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo. Wagonjwa hao walipoteza nishati kila siku bila kuhisi, hivyo iliwezekana kuona mwili unavyojibu bila nia ya mtu kuingilia. Kwa kila kilo iliyopungua, hamu ya kula iliwasukuma kula takriban kalori 100 zaidi kwa siku, wakati matumizi ya nishati hushuka kwa makumi machache tu ya kalori kwa kilo. Maana yake ni kwamba mtu aliyepoteza kilo 15 anaishi na msukumo mkubwa wa kula ambao mwenzake asiyewahi kupunguza uzito hana. Nia yake haijadhoofika hata kidogo. Anasukumwa kwa nguvu zaidi kuliko alivyosukumwa mwezi wa kwanza, na msukumo huo hupenya kwa vijiko, si kwa masahani.

Ndiyo maana hatua yangu ya kwanza kwa mtu aliyekwama si kumpunguzia chakula. Ni kumwomba apime na kuandika tena kila kinachoingia kinywani kwa siku 7 mfululizo, pamoja na mwisho wa wiki, akitumia mizani ya jikoni na si kikombe au macho. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992, watu 10 walioamini kwamba hawapungui hata wakila kidogo walipimwa kwa njia za kitaalamu, ikaonekana kwamba walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoripoti, na shughuli zao za mwili walizikadiria kwa zaidi ya ukweli kwa takriban nusu. Miili yao ilikuwa ikichoma nishati kama kawaida. Sioni sababu ya kuwaita waongo. Kukadiria chakula kwa macho ni kazi ngumu kwa kila mtu, na njaa huifanya iwe ngumu zaidi.

Mwisho wa wiki unastahili kutajwa peke yake. Upungufu wa kalori 245 kwa siku tano ni kalori 1,225. Siku mbili za kupumzika zenye ziada ya kalori 612 kila moja zinafuta kazi yote ya siku tano, na ziada hiyo inapatikana kwa urahisi katika mlo mmoja wa sherehe na vinywaji viwili vitatu. Pombe yenyewe ina kalori 7 kwa gramu, na pia hulegeza uangalifu wa mtu kwa kile anachokula baadaye.

Baada ya siku hizo 7, ukiona kwamba kiasi halisi ni kikubwa kuliko ulivyofikiri, rudi kwenye kiasi ulichopanga na subiri wiki tatu au nne. Wengi huishia hapa, na uzito huanza kusogea. Ikiwa kiasi ni sahihi, ndipo tunabadilisha mlo wenyewe, na hapa naanza na muundo wa sahani kabla ya ukubwa wake.

Protini ndiyo ya kwanza. Kwa mtu mzima mwenye figo zenye afya anayepunguza uzito, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni kiasi kinachofaa. Kwa mwanamke wetu wa kilo 75 ni gramu 90 hadi 120. Protini hushibisha zaidi, hulinda misuli, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake katika kuimeng'enya na kuichakata, ikilinganishwa na asilimia 5 hadi 10 kwa wanga na isiyozidi 3 kwa mafuta. Igawe katika milo yote badala ya kuilundika usiku. Watu wengi waliokwama hula mlo wa kwanza wa wanga mtupu, wanakuwa na njaa kabla ya mchana, na jioni wanakula bila breki. Kuhamishia sehemu ya protini asubuhi, bila kupunguza chochote, huwa kunatosha kupunguza ulaji wa jioni.

Baada ya protini, ongeza vyakula vyenye nyuzinyuzi na maji mengi: mboga za majani, jamii ya kunde, matunda mazima, nafaka zisizokobolewa. Punguza vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Mwaka 2019 kundi lilelile la Kevin Hall liliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti, wakala wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula vya kawaida, wakiruhusiwa kula wanavyotaka, huku milo ya pande zote ikiwa na kiasi sawa cha kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi mezani. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula haraka zaidi. Juisi na vinywaji vyenye sukari viingie katika kundi hili la kupunguzwa, kwa kuwa kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna.

Ikiwa muundo umekuwa mzuri na bado hakuna kinachosogea, punguza kalori 100 hadi 200 kwa siku, si 500. Mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 hivi, wala mwanamume chini ya 1,500, bila mtaalamu wa afya kumsimamia. Anayekata chakula kwa pupa hupoteza misuli, hulala vibaya, hukaa zaidi mchana kutwa kwa uchovu, na mara nyingi huishia kula kwa fujo mwishoni mwa wiki. Binafsi, kati ya kupunguza kalori 200 na kuongeza mwendo wa kalori 200, kwa mtu ambaye tayari ana njaa kila siku nitachagua mwendo.

Tukija kwenye mazoezi, kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kurudia mzunguko uleule kwa kasi ileile kwa miezi. Mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kubeba uzito wake kwa umbali uleule, na mwili uliozoea haupati sababu ya kujenga chochote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu ya hizo kwa mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Wengi wa waliokwama wanaifanya ile sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu. Anza na kiti: simama mbele yake, miguu ipane kama mabega, rudisha makalio nyuma na kushuka taratibu ukihesabu mpaka tatu, gusa kiti bila kujitupa, kisha simama ukisukuma sakafu kwa nyayo zote. Fanya seti tatu. Ukiweza kurudia mara 12 katika kila seti na ukahisi kwamba ungeweza kuongeza mbili au tatu bila kuvunja umbo, mzigo huo umekuwa mdogo. Shika kitu kizito kifuani, au tumia kiti kifupi zaidi. Kanuni hiyohiyo ifuatwe kwa pushapu za kuegemea ukuta ambazo baadaye hushuka hadi sakafuni, na kwa mazoezi ya kuvuta. Mzigo unaoongezeka kidogo kidogo ndio unaouambia mwili ubaki na misuli yake wakati nishati ni pungufu.

Nieleze pia mpaka wa faida hiyo, kwa sababu ahadi za uongo ni nyingi. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takriban kalori 13 tu kwa siku. Kuongeza kilo mbili za misuli hakutakuruhusu kula upendavyo. Faida yake iko kwingine: kinachopungua kinakuwa mafuta, nguvu za kutembea na kupanda ngazi zinabaki, na kiuno kinaendelea kupungua hata mizani inaposita.

Halafu kuna mwendo wa kawaida, yaani nishati tunayotumia kwa kusimama, kutembea ndani ya nyumba, kubeba vitu, kufanya usafi. Mwaka 1999 James Levine na wenzake waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Waliongezeka mafuta kwa viwango tofauti kabisa, kuanzia chini ya nusu kilo hadi zaidi ya kilo 4, na kilichowatofautisha zaidi kilikuwa mwendo huu usio wa mazoezi. Anayepunguza chakula huelekea upande wa pili bila kujua: anaketi zaidi, anatumia lifti, anawatuma wengine. Saa moja ya mazoezi asubuhi ikifuatiwa na saa kumi za kukaa inaweza isibadilishe jumla ya siku. Ukiwa na simu inayohesabu hatua, linganisha wiki hii na mwezi wa kwanza wa mpango wako. Zikiwa zimepungua kwa elfu mbili tatu, umepata sehemu ya jibu.

Usingizi nisiupite. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mdogo wa watu 10 waliokula mlo uleule wa kupunguza uzito katika kipindi kimoja wakilala saa 8 na nusu kitandani, na katika kipindi kingine saa 5 na nusu. Walipungua karibu sawa kwenye mizani, lakini walipolala kidogo, sehemu ya mafuta katika uzito uliopotea ilishuka kwa asilimia 55, na iliyobaki ilitoka kwenye misuli na viungo vingine. Anayekesha anajinyima chakula na kupoteza kitu asichokusudia kukipoteza.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na ulipe wiki tatu au nne. Ukibadilisha matano kwa pamoja, uzito ukisogea hutajua ni lipi limesaidia, na ukichoka utayaacha yote.

NYONGEZA: majibu kwa maswali yaliyoulizwa chini

Dada aliyeuliza kama kufunga saa 16 kila siku kutamkwamua: dada, inaweza kukusaidia ikiwa inakuondolea ulaji wa usiku, lakini haina nguvu ya ziada nje ya kalori. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanyika Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye unene uliokithiri kwa muda wa miezi 12. Wote walipunguza kalori kwa kiwango sawa. Nusu yao walikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, wengine walikula saa yoyote. Makundi yote mawili yalipungua, na tofauti kati yao haikuwa na uzito wa kitakwimu. Kama unafunga na jioni unafidia yote, rudi kwenye milo mitatu yenye protini.

Kaka aliyesema ameongeza kukimbia na uzito ukapanda kilo moja na nusu ndani ya wiki mbili: kaka, usiache bado. Misuli iliyopewa kazi mpya huhifadhi maji inapojitengeneza, na glaikojeni huongezeka pia. Angalia kiuno na usubiri mwezi utimie. Chunguza tu kama baada ya kukimbia unajizawadia chakula, kwa kuwa hapo ndipo wengi hurudisha walichochoma.

Mdau aliyeuliza kuhusu kupumzika kabisa na mlo: ndiyo, mapumziko yaliyopangwa yana hoja. Nchini Australia wanaume 51 wenye unene uliokithiri waligawanywa. Baadhi walipunguza chakula wiki 16 mfululizo, wengine walifanya wiki mbili za kupunguza na wiki mbili za kula kiasi cha kushikilia uzito, mpaka wakatimiza wiki zilezile 16 za kupunguza. Waliopumzika walipungua takriban kilo 14, wasiopumzika kilo 9. Watafiti wengine wamejaribu mapumziko kwa watu wa aina nyingine wasipate tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo siyatoi kama dawa. Ninayapendekeza kwa aliyechoka kwelikweli, kwa sharti kwamba wiki hizo ale kiasi cha kushikilia uzito alionao, akiendelea kujipima, na mazoezi yabaki palepale.

Mama mmoja ameuliza kama anaweza kusimama hapa alipofika, ingawa lengo lake liko mbali bado. Shikamoo mama, na jibu langu ni ndiyo. Katika mpango wa kuzuia kisukari wa Marekani ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari walishirikishwa. Kundi lililoelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya dakika 150 za mazoezi kwa wiki lilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Kushikilia uzito uliopungua kwa miezi sita au mwaka ni kazi inayojitegemea, na njaa huwa rahisi kidogo kuishi nayo unapokuwa hupungui. Ukitaka kuendelea baadaye, utaanza na hesabu ya mwili ulionao wakati huo.

Na ndugu anayetumia insulini pamoja na vidonge vya kisukari, tafadhali usifuate lolote nililoandika kuhusu kupunguza chakula au kuongeza mazoezi kabla ya kuonana na daktari wako. Insulini na vidonge vya kundi la salfonilurea vinaweza kuishusha sukari mpaka ukapoteza fahamu ikiwa mlo umepungua na dozi imebaki ileile, hivyo dozi hupangwa upya kwanza. Ushauri huohuo wa kumwona daktari kwanza unamhusu mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, na aliyewahi kuugua maradhi ya ulaji. Pia yeyote ambaye amepima chakula kwa uaminifu, amefanya mazoezi, na kwa miezi miwili mitatu hakuna kilichosogea, hasa kama ana uchovu usioisha, baridi isiyo ya kawaida, nywele zinazonyonyoka au hedhi iliyovurugika, aombe kupimwa tezi ya thairoidi na achunguzwe kama ana tatizo la homoni za ovari. Aende na orodha ya dawa zote anazotumia, kwa kuwa steroidi, baadhi ya dawa za sonona, za magonjwa ya akili na za shinikizo la damu huongeza uzito au huuzuia kushuka. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Mara nyingi ipo mbadala, na ni daktari anayeijua.